Nilivyorudi Nyuma na Lenzi Ndefu Mpaka Kwenye Mwalo

Chekeni tu jamani, nimeshakubali. Kwa muda mrefu mtu akitaja Masumbwe mbele yangu nilikuwa nageuza maneno, naulizia bei ya mchele, naulizia watoto, ilimradi tuhame pale, lakini siku hizi naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi (kuna anayesema nilitolewa kwa kamba, mwongo huyo, nilitoka kwa miguu yangu, ingawa viatu vilibaki).

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko Nyasubi, pale Kahama mjini, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka, na kitu ninachojivunia kuliko hata hicho kiti ni lenzi zangu tatu. Wenzangu wananunua kila wanachokiona mtandaoni, mtu ana begi zito kama gunia la mpunga na picha bado zina ukungu. Mimi nilikaa chini nikajiuliza, kazi zangu hasa ni zipi? Ni harusi, ubatizo, mahafali, na mara mojamoja mzee anataka apigwe na ng'ombe wake. Basi nikachagua moja pana, inayomeza ukoo mzima hata kama sebule ni ya kupishana kwa ubavu. Nikachagua ya milimita hamsini, ndogo, nyepesi, haivuti mbali wala karibu, ukitaka kusogea unasogea wewe kwa miguu yako, lakini kwenye mwanga hafifu inaona kama paka na uso wa mtu inautoa mzuri mpaka mwenyewe anajishangaa. Ya mwisho ni ndefu, ya kumpata bibi harusi anafuta chozi huku wewe uko mbali na yeye hajui. Tatu tu, na hakuna kazi iliyowahi kunishinda nikiwa nazo zote.

Nikiwa nazo zote, nimesema.

Harusi ya Masumbwe ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza nje ya Kahama. Bwana harusi ana shimo lake la dhahabu, na nilisikia ameleta mtu wa video kutoka Geita, anaitwa Shija, mwenye ile kamera inayoruka angani. Nikasema huyu hawezi kunifunika. Nikanunua mkoba mpya wa ngozi, rangi moja na viatu, ila mkoba wenyewe uliingia kamera na lenzi moja tu. Asubuhi mume wangu, Baba Kulwa, amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama Kulwa, si ubebe lile begi la zamani, zinaingia zote."

"Lile begi limechakaa, nitaonekana fundi redio."

"Afadhali fundi redio mwenye vifaa kuliko bosi asiye navyo."

Nikamwambia chai yake inapoa. Nikachukua ile ndefu, kwa sababu (tuwe wakweli) ndiyo inayoonekana, hizo nyingine hakuna mtu anayezigeukia.

Na kanisani nilitamba kwelikweli! Nimejibanza huko nyuma karibu na kwaya, navuta pete, navuta machozi ya Mama Pendo, mama yake bibi harusi, navuta mpaka jasho kwenye pua ya mchungaji, watu wananigeukia, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo katoka gazetini," nami nikazidi kuinua kidevu.

Shida ilianza nyumbani kwa kina Pendo, kwenye sherehe. Kutoka Maganzo alikuwa amekuja Bibi Milembe, bibi yake Pendo, mzaa mama, na watoto wake wote walikuwepo, wa Mwanza, wa Mbeya, wa machimboni, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu wakue, na bibi mwenyewe miguu ilikuwa imeshaanza kumkatalia. Mama Pendo akanishika mkono akaniambia taratibu, "Dada yangu, hata keki ikikukosa ikukose, lakini hii ya mama na sisi wote, na wajukuu, naiomba. Sijui kama tutakutana tena hivi." Nikamwambia ondoa shaka.

Wakapangwa, ukoo kama kijiji, bibi katikati kwenye kiti chake. Nikainua kamera. Nikaona pua ya bibi. Nikarudi nyuma kidogo, nikaona bibi na nusu ya Pendo. Nikarudi tena, nikagonga turubai. Shija akanisogelea kwa heshima zake, "Dada, kamera zetu ni za ukoo mmoja, chukua hii lenzi yangu fupi." Sasa mtu mwenye akili angesema asante kaka. Mimi nikasema, "Usijali, mimi huwa napenda kupigia mbali, picha inapata pumzi." Picha inapata pumzi! Sijui niliyatoa wapi yale maneno.

Basi nikatoka nje ya turubai, nikavuka uwanja, bado mashangazi wa kulia hawaingii. Nikapita kwenye mwanya wa ua wa minyaa, sasa niko njiani nje ya boma, nawapungia mkono wajibane, na wao hawanielewi, wananipungia pia. MC, mtu wa maneno yule, akaona pa kuchezea, akashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, mpiga picha wetu anaelekea Kahama, lakini anasema mjibane!" Watu kicheko. "Anasema shangazi mwenye kilemba cha njano akae upande! Anazidi kurudi jamani, nani ana simu tumpigie?"

Mimi jicho liko kwenye kamera, nahesabu vichwa, wamebaki wawili, amebaki mmoja, hatua kidogo tu nyuma, na hapo nikasikia spika inapiga kelele, siyo kwa mzaha tena, "Dada, mwalo! Mwaloo!"

Kwa asiyeijua mitaa ya huku, mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, na jirani wa Mama Pendo alikuwa nao nyuma ya ua wake, kidimbwi cha tope jekundu, zito kama uji wa mtama. Nilishuka kwa makalio. Tope likafika kifuani, blauzi ya sare, kilemba, viatu vipya, vyote vikaenda, ila mikono yangu miwili ilibaki juu imeshikilia kamera kama mtu anayebatizwa anayekataa kumalizia kichwa, na kidole kikawa kimeng'ang'ania pale pale pa kupigia, kamera inalia ta-ta-ta-ta yenyewe. Harusi nzima ikahamia kwenye ua. Na juu ya kelele zote nikasikia sauti ya Bibi Milembe, "Mayu wane! Mayu wane!" yaani mama yangu, mama yangu, na siyo kilio, anacheka, anacheka mpaka anakohoa.

Shija ndiye aliyeipokea kamera kwanza, halafu wanaume wakanivuta. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ilikuwa imeshajaribu ikashindwa. Nikamwambia Mama Pendo nirudi tu Kahama, picha amalizie Shija kwa ile ya kwake. Mama Pendo akanimwagia maji ndoo baada ya ndoo, akanivisha gauni lake la kanisani, na kwa kuwa miguu yangu ni mikubwa na hakukuwa na kiatu cha mwanamke cha kunitosha, bwana harusi akanipa buti zake za mpira za machimboni. Akaniambia, "Hizi zimeshanitoa shimoni salama mara nyingi. Shemeji, kazi iendelee."

Ikaendelea. Nilimwendea Shija mwenyewe, nikamwomba ile lenzi fupi, naye akanipa bila neno la kejeli hata moja (Mungu amzidishie). Nikapiga ukoo upya nikiwa hatua chache tu mbele yao, wakaingia wote. Nikapiga keki, nikapiga ngoma, nikiwa na gauni la watu na buti hadi magotini, na kila nikiinama wageni wananishangilia kuliko maharusi.

Nyumbani nikafungua picha, na zile za ta-ta-ta nilitaka kuzifuta bila kuziangalia. Nikaangalia. Moja imepinda, chini imekata miguu ya watu, juu mbingu tupu, lakini ukoo wote umo, mpaka yule mmoja aliyekuwa amebaki, wameanza kunikimbilia na bado hawajatawanyika, na katikati Bibi Milembe amerusha kichwa nyuma, mdomo wazi, jino lake moja linang'aa. Bibi ambaye kwenye picha zake zote za zamani amekaa kama anasubiri hukumu. Niliwapa zote mbili, ile ya adabu na ile iliyopinda. Iliyochapishwa kubwa na kutundikwa ukutani Maganzo ni iliyopinda, na Mama Pendo alinipigia analia, akasema hivyo ndivyo mama yao alivyo, na hakuna aliyewahi kumpata.

Siringi, ila naringa.

Nimeapa kwamba sitabeba tena lenzi ya kuonekana nikaacha ya kufanyia kazi, na kabla sijainua kamera natazama kwanza nyuma yangu. Juzi mama mmoja kutoka Runzewe kanipigia, anaoza binti. Kwanza akasitasita, kisha akauliza, "Samahani dada, ni wewe yule aliyetumbukia?"

"Ndiye mimi mwenyewe," nikamjibu, kwa sauti iliyofika mpaka dukani kwa jirani. "Sherehe ni lini?"