Dripu ya Ndugu Yangu

Likizo ya Agosti nikiwa kidato cha tatu, ndugu yangu mdogo aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mama alikuwa Port Victoria kununua samaki, kwa hivyo mimi na Dani, nyanya yetu, tulimbeba kutoka Nyalenda hadi hospitalini. Niliogopa atakufa kabla Mama hajarudi, lakini sikumwambia mtu.

Kwetu, mgonjwa asiyewekewa dripu hajatibiwa. "Daktari, hii mtoto wekea dripu haraka!" Dani alisema. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, bado anajifunza, akakubali. Akachoma mkono wa kushoto, akakosa mshipa, akahamia wa kulia. Mtoto alilia bila machozi.

Hapo, kabla mshipa haujapatikana, mwalimu wa daktari huyo akaingia, mama mnene mwenye sauti ya upole, na wanafunzi wengine nyuma.

"Bwana, dripu ya nini?"

"Ameishiwa maji, Daktari."

"Hilo naliona. Kwa nini mshipa, si mdomo?"

"Huwa tunaweka, Daktari."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Huwa si sababu. Utafiti unasema nini juu ya mtoto aliye macho, anayeweza kumeza?"

Kijana akajikuna shingo. Akasema polepole kwamba wengi hupona kwa maji ya chumvi na sukari, wakinyweshwa vizuri.

"Na huyu, anameza?"

"Sijajaribu."

"Basi jaribu. Akishindwa, au akizidi kulegea, dripu iko."

Dani akawaka. "Nimetembea na hii jua yote nipewe chumvi? Hata nyumbani chumvi iko!" Nilitamani kuingia chini ya kitanda.

Kijana alimpakata mtoto, mimi nikashika kikombe cha maji hayo. Kijiko cha kwanza, cha pili, akatapika yote. Dani akanikazia macho utafikiri mimi ndiye niliyetapika.

"Ngoja kidogo, uanze tena. Taratibu," mwalimu alisema, akaendelea na vitanda vingine.

Tukaanza tena. Nikamwagia kijana maji kwenye suruali, akaipangusa tukaendelea. Alasiri mtoto akaanza kukivuta kijiko mwenyewe. Halafu akakojoa, mkojo mwingi, wote kwenye koti jeupe la daktari. Kijana akaruka, kisha akaita kwa furaha, "Daktari, amekojoa! Maji yamemrudia mwilini!"

Dani alicheka akishika kiuno. Akafuta macho, akauliza, "Sasa mtamwekea dripu?"

Kijana akanigeukia. Sijui sauti niliitoa wapi mbele ya wale watu. "Dani, anapona," nikasema.