Korodani Iliyogoma Kushuka Kirando

Ninauza maharage sokoni Mazwi. Gunia likifika nalipima mara mbili, hata kama limeletwa na shemeji; hasa kama limeletwa na shemeji. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki aliponiambia kwamba mwanangu wa miezi minane ana korodani moja tu mahali pake, nilihesabu mwenyewe. Nikarudia. Moja.

Mama mkwe, aliyezaa saba kule Mollo, hakushtuka.

"Ni baridi hii ya kwetu, baba. Hata wewe ungekuwa yeye ungejificha. Mpelekeni Kirando kwenye joto, itashuka yenyewe."

Tukateremka ziwani, tukakaa wiki mbili kwa dada yangu. Sisi tulikula samaki wa migebuka, mtoto akatoka vipele vya joto. Kila asubuhi nilihesabu. Vipele vilinishinda idadi. Korodani ilibaki moja.

Tuliporudi mjini tukaenda hospitali. Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alimpapasa, akaikosa ya pili.

"Nadhani iko tumboni. Joto la huko ni kali mno kwake. Ikiachwa inaharibika, na ukubwani inaweza kumletea saratani. Tutaingiza kamera tuitafute, tuishushe."

"Mnatoboa matundu mangapi?"

"Matatu, madogo."

"Fanya mawili, daktari. Mtoto mwenyewe mdogo."

"Moja la kamera, mawili ya vifaa, kila mkono na lake. Sema nifunge mkono upi."

"Haya, matatu. Usiniongeze la nne."

"La nne lipo. Chini, kwenye mfuko wake, pa kuishonea isirudi."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa. Miaka yote sokoni hajawahi kuona naomba kupunguziwa nikaongezewa.

Siku ya upasuaji hakucheka mtu. Daktari alishatuonya: huenda waikute imesinyaa, au wasiikute kabisa. Tukiwa kwenye benchi nilihesabu vioo vya dirisha. "Kumi na mbili," mke wangu akasema kabla sijarudia.

Mlango ukafunguliwa, daktari akatoka. "Ilikuwepo, nzima, na imefika."

"Nihesabu?"

"Kwa macho tu, baba."

Mbili. Mbili tena.

Nikampigia mama mkwe.

"Si nilisema itashuka? Lile joto la Kirando lilichelewa tu."

"Kweli, mama."

Kisha sauti yake ikawa ndogo kuliko kawaida.

"Hebu hesabu tena, mimi nikisikia."

"Moja," nikasema. "Mbili."