Nilivyosamehewa Kuiba Cherehani Yangu

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule, mapazia, na magauni ya wanawake wanaotaka yapunguzwe leo na yaongezwe kesho. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga, yenye miguu ya chuma, na niliinunua mwenyewe kabla sijaolewa. Risiti ninayo, ina jina langu, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Mume wangu alipofariki, hata mwezi haujaisha, mdogo wake alikuja na rafiki zake wawili wakaibeba. Shemeji huyo tunamwita Karani, kwa sababu anaandikisha mizigo kwenye ghala na kalamu haimtoki mfukoni hata Jumapili.

"Shemeji, hii ni mali ya kaka," akaniambia.

"Kaka yako hata mafuta hajawahi kuitia!"

Akacheka. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale. Aligeuka akatazama ukuta, kana kwamba ukuta ndio uliokuwa ukizungumza.

Nikaenda polisi. Wakati ule kituo kilikuwa bado na kitabu, lijitabu kubwa lenye jalada gumu lililobandikwa karatasi ya gundi pembeni. Askari wa kaunta aliandika maelezo yangu, akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, akanisogezea kisahani cha wino. "Weka dole gumba hapo, mama." Ni kweli sikwenda shule. Lakini kusoma nilijifunza kwenye madaftari ya wanangu, na jina langu naliandika vizuri tu. Hakuniuliza. Nami nikaogopa kuonekana mjuaji mbele ya polisi, nikaweka dole.

Cherehani waliikuta kwa Karani, wakaileta kituoni, wakaifungia stoo. Karani naye akaitwa. Akatoa maelezo yake, akaacha namba ya simu, akatia saini yenye mikia mirefu. Mkuu wa kituo alisoma risiti yangu mara mbili, akasema cherehani ni ya mama, hakuna ubishi. Kumshtaki Karani sikutaka. Ni baba mdogo wa wanangu. Nilitaka kitu changu tu. "Njoo Jumatatu uchukue," mkuu akasema.

Jumatatu nilikuta kaunta imezungushiwa kamba na maboksi yamejaa mpaka mlangoni. Kompyuta zilikuwa zimefika. Waliniambia kituo kinahamia kwenye mfumo, nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi zikiwa zimebaki siku tisa shule zifunguliwe. Nyumbani nilikuwa na vitambaa vya sare ishirini na nane vimekatwa, na wazazi wawili walishaniambia wataenda kwa fundi mwingine.

Kwenye kaunta alikaa askari wa kike niliyekuwa simjui, anachapa kwa kidole kimoja. Nikamtajia jina langu.

"Nakuona hapa," akasema. "Mbona huji kuripoti?"

"Kuripoti nini, afande? Nimekuja kuchukua cherehani."

"Mtuhumiwa anatakiwa kuripoti kila wiki. Wewe hujaja hata mara moja. Kaa kwenye benchi."

"Mtuhumiwa nani?"

"Wewe."

"Wa nini?"

"Wizi wa cherehani."

Nikamuuliza cherehani ya nani. Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akasoma jina la Karani lote, mpaka la babu yake. "Huyu bwana ni jirani yako?"

"Ni shemeji yangu! Yeye ndiye aliyeiba!"

"Basi si mngeelewana nyumbani, mama?"

Nikatoa risiti. Hata hakuishika. "Hiyo ni karatasi," akasema kwa upole kabisa. "Sisi tumetoka huko kwenye karatasi."

Nikakaa kwenye benchi. Sitaficha: kichwa kilinizunguka mpaka nikaanza kujihoji mwenyewe. Niliinunua wapi? Lini? Nani alikuwepo? Nilikuwa na majibu yote, lakini yule askari alikuwa na uhakika kuliko mimi, na uhakika wake ulikuwa unawaka taa.

Nikiwa hapo, akaingia Karani. Nje alikuwa ameacha mkokoteni. Aliponiona akasimama ghafla, akanionyesha simu yake. Nikasoma polepole: *Ndugu mlalamikaji, mali yako iliyoibwa imepatikana. Fika kituoni uichukue.*

"Shemeji, haki ya nani, mimi sijalalamika popote," akasema. "Lakini polisi wakikuita, si unaenda?"

"Na mkokoteni?"

"Wameandika nichukue. Ningeichukulia mfukoni?"

Makelele yetu yalimtoa mkuu wa kituo ofisini, na mzee wa stoo akaja nyuma yake na funguo zake. Mkuu akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akamtazama Karani, akavua kofia. Mzee wa stoo ndiye aliyejua kilichotokea. Wataalamu wawili walikuja kunakili kitabu kizima kwa wiki mbili. Hawakuwa na muda wa kusoma maelezo, wakapewa njia ya mkato: penye saini ni mlalamikaji, penye dole ni mtuhumiwa, maana watuhumiwa ndio huchukuliwa alama za vidole.

"Kwa hiyo nimekuwa mwizi kwa sababu ya dole?" nikauliza.

"Kwenye mfumo tu, mama," mkuu akasema.

"Basi soma kitabu, afande."

Kitabu kilikuwa kimepelekwa makao makuu. Mkuu akajaribu kubadilisha majina. Kompyuta ikakataa. Akajaribu tena, akabonyeza kwa nguvu kama anayeua siafu. Ikakataa. Ruhusa ya kubadilisha majina inatoka makao makuu, akasema, baada ya barua, na barua zilizotangulia bado hazijajibiwa.

"Ila mpe huyu mama cherehani yake," akamwambia mzee wa stoo.

"Nitaandika nimempa nani? Mwizi?" mzee akajibu. "Kesho nitaulizwa mimi."

Karani akakohoa. "Basi nipewe mimi, maana mimi ndiye mwenyewe."

"Ukiigusa nakuweka ndani," mkuu akasema.

"Kwa kosa gani, afande? Kwenye kompyuta mimi nimeibiwa."

Yule askari wa kike ndiye aliyepata njia, huku kidole chake kikiwa bado kwenye kioo. Mlalamikaji akimsamehe mtuhumiwa, faili linafungwa, na mali anapewa yeyote ambaye mlalamikaji atamtaja. Alifurahi kama aliyetegua kitendawili.

Wote wakamgeukia Karani. Nikaona anavyojivuta juu, anavyotafuta kalamu mfukoni ingawa hapakuwa na pa kuandika.

"Mimi sina kinyongo," akasema. "Lakini mtu anasamehewa akiomba."

Mkuu akainamisha macho kwenye kofia yake. Nilingoja aseme neno. Alikuwa amesoma risiti yangu mara mbili.

Nilifikiria barua ya makao makuu, na vile vitambaa ishirini na nane mezani. Nikasema, "Shemeji, naomba unisamehe."

"Kwa kosa gani?" Karani akauliza, macho makavu.

"La kuiba cherehani."

"Nimekusamehe, shemeji."

Askari akabonyeza. Kompyuta ikalia mlio mdogo, ikakubali mara moja, haikusumbua hata kidogo. Mzee wa stoo akafungua mlango bila kunitazama usoni.

Kwa kuwa cherehani ni nzito na mkokoteni ulikuwa tayari nje, Karani mwenyewe ndiye aliyenisukumia mpaka nyumbani, akiwasalimia watu njia nzima. Waliouliza aliwajibu, "Namrudishia shemeji." Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alimwona mwanawe anatokwa jasho, akanigeukia.

"Unaona moyo wa mwanangu? Umempeleka mpaka polisi, na bado amekuletea."

Nilitafuta jibu. Nilianza na kitabu, nikaenda kwenye dole, nikafika kwenye mfumo, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo mimi mwenyewe nilivyozidi kusikika kama mwizi anayejitetea. Nikaingia ndani, nikaitia cherehani mafuta, nikaanza na sare ya kwanza.