Augustine na Nanga ya Nondo

Augustine alikuwa binti wa wavuvi, mzaliwa wa Isangi, na huko hakuna aliyehangaika na nanga. Chini ya mto kulikuwa na tope. Ulifunga jiwe kwenye kamba, ukalishusha, mtumbwi ukatulia.

Mwaka 1952 aliolewa na Alfani, mtu wa Kasongo aliyefanya kazi kwenye reli, akaenda kuishi naye Lubunga, ng'ambo ya Kisangani. Walipata binti, wakamwita Zaina. Alfani alikuwa mume mwema, lakini Augustine hakuacha kumfikiria mama yake, Florentine, aliyebaki peke yake Isangi. Alfani akamnunulia mtumbwi mdogo, akidhani maji yatamtuliza.

Siku ya kwanza alishusha jiwe kama la kwao. Kumbe huku, karibu na maporomoko ya maji, chini ni mwamba wenye mchanga kidogo tu juu yake. Jiwe liliteleza, na mtumbwi ukaburutwa na mkondo. Moyo wake ukafurahi kwa namna iliyomtisha, maana mto ulikuwa unaelekea Isangi.

Papa Lambert, mvuvi aliyekuwa karibu, akapaza sauti. "Mama Zaina, jiwe yako inatembea! Unaenda wapi?"

"Naenda kwetu, papa!"

Wakacheka wote wawili, ila macho ya Augustine yalilowa.

"Jiwe haiwezi huku," alisema Papa Lambert, akiushika mtumbwi wa Augustine usiende zaidi. "Tafuta chuma ya makucha, ishike kwenye mawe. Na kamba yako iko fupi. Ikisimama wima, inanyanyua nanga. Achilia mara tano ya urefu wa maji, ilale chini."

Alfani akaomba vipande vya nondo vilivyotupwa, na fundi mmoja akavipinda vikawa makucha manne. Nanga hiyo ilishika. Tena ilishika mno: siku ya tatu ilinasa kati ya mawe, Augustine akavuta mpaka viganja vikachubuka. Akachukua kisu.

"Nikikata tu," aliwaza, "kesho kutwa niko kwa mama."

Alikaa na kisu mkononi, kamba ikitetemeka kwenye maji. Kisha akamkumbuka Zaina, aliyemwacha kwa jirani bila kula. Akaweka kisu chini, akamwita Papa Lambert.

Mzee alivuta kutoka upande wa juu wa mkondo, nanga ikatoka. Akaifunga upya: kamba chini, penye makucha, halafu juu, kwenye pete ya mpini wa nanga, kwa uzi mwembamba wa wavu. "Siku zote uzi utashika. Ikinasa, vuta kwa nguvu. Uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume."

Nyumbani Augustine alimsimulia mumewe yote, hata habari ya kisu.

"Mimi pia," akasema Alfani, "treni ya Ubundu ikiondoka, natamani kupanda. Kwetu iko kule."

Miaka yote ile Augustine hakujua.

"Bon," Alfani akaendelea, "nitaomba serikali karatasi ya ruhusa ya safari. Uende na mutoto."

Karatasi ilichukua miezi saba. Walipofika Isangi, Florentine alikuwa ameshapofuka. Alimpapasa Zaina uso, akauliza, "Nani huyu ananuka moshi ya treni?" Augustine akacheka huku akilia. Alikaa miezi miwili, akambembeleza mama yake warudi pamoja.

"Hapana, mwanangu. Nikienda, nani atafagia kaburi ya baba yako?"

Meli ilipoanza kupanda mto, Augustine alisimama nyuma kabisa, mpaka kona ikaficha nyumba ya mwisho.

Alfani aliwangoja gatini, amevaa shati alilolifua mwenyewe.

"Hamu imepungua?" aliuliza.

"Imeongezeka," alijibu Augustine, akampa mtoto ambebe.