Divai Yenye Masikio

Niliambiwa sokoni Chwele kwamba divai ina masikio: ikisikia ugomvi, inageuka siki. Nikaamini kabisa. Baba mkwe alikuwa ameahidi kuja kwetu Kitale kuonja divai ya mzabibu wangu, ule aliousema hautazaa hata majani, na mimi nilitaka aombe bilauri ya pili.

Basi nyumba ikanyamaza. Tuliongea kwa kunong'ona, na nakwambia hata ng'ombe alijifunza kukohoa kwa adabu. Kila asubuhi, ukungu wa Mlima Elgon ukiwa bado mlangoni, nilifunua mtungi wa divai kama tunavyofunua pombe ya busaa, nikainama kusikiliza mapovu yakiimba. Harufu ile ilinibeba juu ya mahindi yote mpaka Saboti, kisha ikanirudisha polepole.

Mzee akaja. Akaonja, uso ukajikunja kama gunia tupu.

"Mkwe, hii si ya kutia kwa kachumbari?"

Nikamgeukia mke wangu. "Nani alipiga kelele humu?"

"Hakuna, baba watoto. Divai haina masikio. Si wewe ulikuwa unaifunua kila siku? Hewa iliingia, ikachacha."