Cecilia wa Chamwino, Aliyekataa Nyama ya Mbuzi

Alizaliwa mwaka 1954 katika kijiji kimoja cha Chamwino, mwaka ambao mtama ulikauka kabla ya kutoa suke. Alibatizwa Cecilia, jina la msimamizi wa waimbaji, ingawa Mungu alimnyima sauti. Kwaya ikampa kayamba ili anyamaze. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu. Sisi wa huku hatukusubiri.

Alipofiwa na mumewe aliishi kwa kukaanga karanga na kuzipeleka soko la Majengo mjini Dodoma, na moshi wa kuni ukayafanya macho yake mekundu. Huko sokoni alimjua Batuli, Mrangi Mwislamu wa Kondoa, mjane muuza ulezi, mwenye macho mekundu vilevile. Batuli alipokosa pa kukaa, Cecilia alimkatia kipande cha kiwanja chake ajenge. Mmoja alifunga Kwaresima, mwingine Ramadhani, na wote wawili walinenepa.

Wito ulimfikia mwaka 2016. Ng'ombe wa kaka yake walikufa, na Obedi, mtoto wa kaka huyo, akaja na wenzake mchana kweupe, wakampiga Batuli mawe mlangoni kwake. "Mrangi mchawi! Macho yako ndiyo yanayoua! Rudi Kondoa, la sivyo tutakuchoma humo humo!" Batuli alipiga yowe. Kijiji kinachokimbilia hata yowe la fisi, siku hiyo kilikaa ndani kikisikiliza. Alitoka Cecilia peke yake, akasimama mbele ya mlango na mwiko wa karanga mpaka wakaondoka.

Kesho yake wazee waliamua kwa desturi: Obedi atoe mbuzi, aliwe, yaishe. Walikumbuka hata kumwita Mwislamu achinje, ili Batuli akose kisingizio. Batuli, kichwa kimefungwa kanga yenye damu, aliwekewa ini. Cecilia akasukuma sahani.

"Mbuzi kafanya nini?" aliuliza. "Aliyerusha mawe yuko pale anatafuna paja."

"Shangazi, kula, inapoa," alisema Obedi.

Mzee Silvano akaingilia. "Cecilia, huyo ni damu yako. Utampeleka polisi?"

"Na damu hii kwenye kanga ni ya nani?"

Akampandisha Batuli bodaboda hadi kituo cha polisi, kanga haijafuliwa. Mbele ya askari Batuli aliona haya, akasema ni ugomvi tu. Cecilia alimshika goti. "Usimstahi anayetaka kukuchoma, mdogo wangu. Sema maneno yao kama walivyoyasema, Urangi na uchawi vyote. Bila hayo wataonekana wamegombania kuku." Batuli akasema yote. Askari akaandika, akampa fomu ya PF3 ya kwenda kutibiwa, na Cecilia akajitoa kuwa shahidi. Obedi alifungwa.

Hapo majaribu yakaanza. Kwaya ilimnyang'anya kayamba. Watoto walikatazwa kumwamkia, yeye akipita aliitikia hivyo hivyo, "Marahaba!", mpaka wakaona aibu. Kila baada ya misa alisimama nje ya kanisa akifundisha kwamba anayepigwa au kutishwa kwa sababu ya kabila, dini, ngozi au uzee wake asipokee mbuzi. Apige yowe, atunze alichonacho cha kuonyesha, akaseme kwa mtendaji au polisi, na asiachwe aende peke yake. Wengi walicheka. Ruthu, mke wa Silvano, alianza kuchelewa kurudi nyumbani.

Mwaka 2019 vijana wengine walimjia Cecilia mwenyewe, wakidai uchawi umehamia machoni mwake. Akapiga yowe. Sauti ile iliyokataliwa na kwaya ilifika ng'ambo ya korongo. Wanawake wakatoka majikoni, Ruthu mbele, macho yao yote mekundu.

"Mnamtafuta mwenye macho mekundu?" aliuliza Ruthu. "Haya, chagueni. Ila mama zenu wamo humu."

Vijana walitawanyika, na Ruthu ndiye aliyeongoza safari ya kituoni. Wapo wanaosema macho yale yaligeuzwa kwa muujiza. Mimi nasema ni kuni mbichi. Muujiza ni kwamba walitoka.

Cecilia alifariki mwaka 2022, mkono wake ukiwa mkononi mwa Batuli. Obedi, ambaye gerezani alipelekewa karanga na shangazi huyo huyo, alikuja msibani akivuta mbuzi jike. Batuli alimtazama mbuzi, kisha akamtazama Obedi.

"Mbuzi kafanya nini?"

Obedi alipiga magoti mbele ya waombolezaji wote, akaomba radhi, na kwa mara ya kwanza akamwita Batuli mama. Mbuzi alifungwa uani kwa Batuli. Ameshazaa mara mbili.

Basi anayempenda Cecilia asiishie kumwashia mshumaa. Akisikia yowe, atoke, hata kama ni la jirani asiyempenda. Na akialikwa nyama ya kuyamaliza, aulize kwanza.