Mate Yangu Yalimfunga Kaka, Sasa Anataka Niyakane

Admin, nifiche jina. Magomeni hapa Mtwara watu wananijua hata kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, Mmakonde wa Mpapura. Binti yangu amechumbiwa. Walii wake wa msikitini yupo, baba yake mdogo, hana neno. Ila kwetu posa hupokelewa na mjomba, na mjomba ni mmoja tu, kaka yangu wa tumbo moja. Amegoma. Sababu ni mate yangu.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa nabangua korosho kwenye kiwanda kidogo pembeni ya mji. Asubuhi moja tulikuta dirisha la stoo limevunjwa na mlinzi yuko chini, kapigwa nondo kichwani. Alikuwa mzee wa Kimakua, mtani wetu, kila siku akituuliza, "Wake zangu, mmeamkaje?" Alifariki baada ya siku nne. Chini ya dirisha palikuwa na kanga imelowa damu. Aliyejikata na kioo alijifunga nayo mkono. Kanga ilikuwa yangu.

Polisi wakanibeba. Wakanipaka wino vidoleni, wakavigandamiza karatasini, yakatoka madoa matupu. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, na miaka tisa ya kubangua ilikuwa imekula alama zote. Afande akanigeuzageuza mikono kama anayechagua mihogo sokoni, akauliza, "Mama, vidole vyako umevipeleka wapi?" Nikamwambia viko kiwandani, akamwulize tajiri.

Ndipo wakataja vinasaba. Damu ya kwenye kanga ingelinganishwa na mate yangu huko Dar es Salaam. Kaka aliniletea chai kituoni, mkono umefungwa kitambaa, akisema kajikata na panga akifyeka chini ya mikorosho. Akaninong'oneza nikatae kupimwa. Nikaona ananihurumia. Nikafungua mdomo mwenyewe, wakanisugua pamba shavuni, maana sikuua mtu, na nilidhani mate humsema mwenye mate tu.

Majibu yalichelewa, mvua ilikuwa imekata barabara. Yalipofika, afande alinisomea polepole: damu si yangu, ni ya mwanamume, na kwa inavyofanana na mate yangu, huyo ni ndugu yangu wa karibu sana. Mama yetu alizaa mwanamume mmoja. Wakamfuata, wakachukua mate yake, yakalingana na ile damu bila kupungua kitu. Kanga aliianua kwenye kamba yangu. Alifungwa miaka kumi na miwili.

Alipotoka, ukoo ulimchinjia mbuzi. Mimi nilipata habari kwa harufu.

Wiki iliyopita aliniita Mpapura. Mbele ya ndugu wote akasema, "Simama useme mashine ya Dar ilikosea. Ukisema, posa naipokea leo hii."

Mama mdogo akanivuta upindo wa kanga. "Sema tu, mwanangu. Maneno hayakatwi kodi."

Nikamwambia, "Kaka, yule mzee alikuwa akiniita mke wake. Mashine ikikosea, basi nani alimpiga?"

Kaka akaomba maji ya kunywa.

Upande wa mume unasubiri hadi msimu wa korosho uishe, ukipita wanatafuta kwingine. Binti yangu halii mbele yangu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Sasa jamani, msinishauri nidanganye, hilo nimeshalikataa. Swali langu ni hili. Mtaalamu wa serikali aliandika kwamba mimi na kaka damu yetu ni ya nyumba moja. Ikiwa ilitosha kumpeleka yeye gerezani, itashindwaje kunikalisha mimi kwenye mkeka wa mjomba nikapokea posa ya mwanangu? Nishaurini, nikae? Kanga ya siku hiyo nimeshanunua. Ile nyingine ilibaki mahakamani.